Mlango wa Darasa la Nne

Sehemu ya tisa

Mkono wa Mwalimu tuliuacha hewani wiki nzima, maskini, umenyooshwa kushika kitasa. Leo tuuteremshe. Kitasa hakikuwepo. Mlango wenyewe haukuwepo.

Haukuwa umefunguliwa, msomaji. Ulikuwa umeng'olewa. Darasa la Nne lilibaki na uwazi mtupu, madawati yanapigwa na jua, na kwenye fremu vitobo kumi na viwili vya skrubu, vinne vinne, safi kabisa. Aliyefanya kazi hiyo alitumia bisibisi na hakuwa na haraka.

"Wameiba mlango," alisema Fundi Viatu.

"Naona."

"Mwalimu, mimi nimeshuhudia wezi wa kuku, wezi wa nyaya, hata mwizi wa kiatu kimoja. Lakini mlango? Si ndio wa kumzuia mwizi huo?"

Mwalimu hakucheka. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na saa sita kamili mchana Msimamizi Mkuu wa uchaguzi angetangaza diwani mpya wa kata. Akishatangaza, imekwisha. Kinachobaki ni mahakama, na mahakama utaingia ukiwa na meno yote na kutoka ukiwa na meno ya bandia.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, sikiliza haraka. Mwalimu wa hesabu huyu alikuwa msimamizi wa kituo humu humu darasani. Juzi jioni alihesabu kura mbele ya mawakala, moja moja, kwa sauti. Mkunga, yule mama aliyezalisha nusu ya kata, alipata mia tatu kumi na mbili. Mwenye Kinu, diwani wa miaka kumi ambaye barabara yake ya lami imeishia getini kwake, alipata tisini na saba. Tano ziliharibika, moja ikiwa na mchoro wa kuku.

Fomu ya matokeo ilitoka nakala tatu tu, kwa sababu ofisi ilileta kitabu pungufu. Moja ilikwenda kwa Msimamizi ndani ya bahasha. Moja ilikuwa ya mawakala, na wakala wa Mwenye Kinu aliichukua "akatoe kopi." Mpaka leo anatoa kopi. Ya tatu ilibandikwa mlangoni ili kila mwenye macho asome.

Lakini ofisi ile iliyoleta mihuri miwili, fulana nane na bango la kuwakaribisha wageni wasiokuja, haikuleta hata pini moja. Ndipo Fundi Viatu, wakala wa Mkunga, alipotoa kopo lake la gundi ya kubandikia soli. Alipaka mlango, akapaka fomu, akasubiri vikauke kidogo kama afanyavyo kibandani kwake, kisha akabandika na kugonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Fomu ile ilishika ubao kama soli inavyoshika kiatu cha askari.

Jana Msimamizi akasoma matokeo ya awali ya kituo hicho. Mwenye Kinu, mia tatu tisini na saba. Mkunga, kumi na mbili. Mia tatu zilikuwa zimehama nyumba usiku mmoja, na chini ya fomu kulikuwa na sahihi ya Mwalimu, nzuri kuliko anavyosaini mwenyewe. Watu walionyesha picha walizopiga pale mlangoni. Msimamizi akazitazama kwa huruma.

"Picha si ushahidi, ndugu zangu," alisema. "Siku hizi hata paka anapigwa picha akiwa amevaa suti. Kuna utaratibu."

Sasa unajua kwa nini mlango umeondoka.

"Walijaribu kubandua wakashindwa," Mwalimu alisema, akipitisha kidole kwenye vitobo vya skrubu. "Gundi yako ndiyo imewafikisha hapa."

"Pole yao," alisema Fundi Viatu, na kusema kweli alijisikia fahari. "Ile haibanduki. Wangeniuliza ningewaambia."

Nyuma yao alisimama mwanamke mwenye beseni la mboga kichwani. Ni Mama Mapacha. Wanawe wawili wanasoma Darasa la Nne, na kila asubuhi yeye humwamkia Mwalimu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Leo hakuamkia.

"Mwalimu, nataka kukuuliza hesabu."

"Uliza, mama."

"Wanangu jana wamenibana. Wanasema, mama, fomu tuliyosoma mlangoni ilisema mia tatu kumi na mbili, na ya redioni imesema kumi na mbili. Wanauliza mia tatu zimekwenda wapi, na kwa nini chini kuna jina la Mwalimu wetu. Niwajibu nini?"

"Sikusaini ile fomu."

"Mimi siwezi kujua hilo. Nilisimama foleni saa nne na mgongo huu mbovu. Nilisimama kwa sababu niliambiwa wewe ndiye unahesabu." Alishusha beseni, akalipandisha tena bila sababu. "Kama hata wewe umo, basi mimi kura yangu nyingine nitafungia mchicha."

Akaondoka zake.

Miaka ishirini na miwili Mwalimu alikuwa amefundisha kujumlisha na kutoa. Alishaitwa mkali, alishaitwa Mama Fimbo, na hakujali. Lakini neno lile la mchicha lilimchoma. Alijua kwamba saa sita ikipita atakuwa mwizi mpaka anaingia kaburini, na watoto wake wa Darasa la Nne watakuwa wamefundishwa kwamba hesabu ni kitu cha kuwaridhisha wakubwa.

"Mlinzi!" aliita.

Mlinzi wa shule alitoka nyuma ya choo akifunga mkanda. Ni mzee ambaye kazi yake ya kulinda huifanya kwa masikio tu, macho akiwa ameyapumzisha.

"Mlango uko wapi?"

"Wameupeleka kupigwa rangi."

"Nani?"

"Watu wa ofisi. Wamekuja na lori, wana karatasi, ina muhuri."

"Karatasi ilisema nini?"

"Mwalimu, mimi nikiona muhuri sisomi."

Ndivyo nchi inavyoibiwa, msomaji. Si kwa bunduki. Kwa muhuri na watu wasiosoma kilicho juu yake.

"Dereva unamjua?"

Mlinzi alimtazama kama aliyeulizwa kama anajua jua linachomoza wapi. "Si shemeji yako yule! Hakitupwi!"

Mwalimu alifumba macho. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakitupwi alikuwa mdogo wa mumewe. Alikuwa analala kwake, anakula kwake, na hakutupa kitu tangu azaliwe. Chini ya kitanda chake kulikuwa na betri zilizokufa, mpini wa mwavuli, vizibo vya chupa na saa ya ukutani isiyo na mishale. Ukimuuliza ya nini, jibu lake ni moja: "Hakitupwi kitu, shemeji. Utakuja kukihitaji."

Walimkuta uani kwa ofisi, nyuma ya ukumbi wa kutangazia matokeo, anaosha tairi ambalo tayari lilikuwa safi.

"Shemeji!" alisema, akachangamka kupita kiasi. "Umeamkaje? Mbona mapema?"

"Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Kwani umeng'oa mingapi?"

Hakitupwi alikamua kitambaa mpaka kikakauka. "Shemeji, mimi ni dereva. Dereva anaambiwa. Nimeambiwa na Msimamizi mwenyewe: ng'oa, pakia, kachome. Nina watoto watatu kijijini wanaonitegemea. Nimeng'oa. Nimepakia. Nimechoma."

Fundi Viatu alishika kichwa kwa mikono miwili. Karatasi pekee duniani iliyobeba ukweli wa kituo kile ilikuwa imekwisha kuwa moshi, na saa ya ukumbini ilisema saa nne na dakika ishirini.

Hapo mwingine angekaa chini akalia. Mwalimu wa hesabu huuliza jibu limepatikanaje.

"Majivu yako wapi?"

"Upepo, shemeji."

"Bawaba je? Chuma hakiungui. Niletee bawaba tatu."

"Hizo... nilizitupa."

"Nini?"

"Nilizitupa."

Hata Fundi Viatu alishusha mikono.

"Wewe," Mwalimu alisema polepole. "Wewe uliyeweka chupa tupu za dawa ya kikohozi kwenye kabati langu miaka mitatu. Wewe uliyekataa nisitupe sufuria iliyotoboka, ukasema itakuja kuwa chungu cha maua. Wewe umetupa bawaba tatu nzima?"

Hakitupwi alijaribu kustahimili. Alitazama tairi, akatazama mbingu. Kisha akapasuka.

"Shemeji, mbao ngumu! Kipande kizima! Upana wote ule! Mtu mwenye akili zake anawasha kiberiti vipi? Nilifika dampo, nikashusha, nikautazama, mkono ukakataa. Nikasema huu utafaa kitu."

"Uko wapi?"

Alinong'ona huku akionyesha ukumbi kwa kidevu. "Walikuwa wamepungukiwa meza."

"Meza?"

"Meza ya kutangazia. Ofisi ina bajeti ya meza sita, meza zilizopo ni nne, usiniulize. Nikaweka mlango juu ya mapipa mawili, fomu ikatazama chini, karani akatandika kitambaa. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi."

"Msimamizi anajua?"

"Anajua nimechoma. Ameweka viwiko vyake hapo tangu asubuhi."

Fundi Viatu alikaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni mwa ukumbi.

Ndani kulijaa. Waandishi wa habari mbele, mawakala pembeni, wananchi nyuma wakisukumana. Feni moja ilizunguka kwa uvivu wa mtumishi aliyeajiriwa kwa kujuana. Mwenye Kinu alikuwa ameshavaa suti ya kuapishwa. Mkunga alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, amekunja uso kama anayesubiri uchungu wa mzazi ukolee.

Mbele, kwenye meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe mpaka chini, alikaa Msimamizi Mkuu: miwani, tai, chupa ya maji, na uso wa mtu asiyewahi kuulizwa swali mara mbili.

"Mwalimu," alisema, "karibu ukae. Tunaheshimu walimu."

Mwalimu hakukaa. Alipita katikati ya waandishi, akafika mbele ya meza, akashika sketi yake, akapiga magoti, akainua kitambaa na kuingia chini.

Ukumbi mzima ulisimama.

"Mama, unafanya nini?" Msimamizi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Askari! Kuna mtu kwenye miguu yangu!"

Kutoka chini ya meza ikaja sauti ambayo nusu ya watu mle ndani waliifahamu tangu utotoni, sauti ya kusomea jedwali la kuzidisha.

"Kituo cha Darasa la Nne! Namba ya fomu, sifuri sifuri nne moja saba! Mkunga, mia tatu kumi na mbili! Mwenye Kinu, tisini na saba! Zilizoharibika, tano! Jumla, mia nne kumi na nne! Sahihi ya msimamizi wa kituo, yangu! Sahihi za mawakala wote wawili, zipo, na muhuri upo! Msimamizi, tafadhali, soma namba ya fomu uliyonayo huko juu!"

Karani, ambaye hakuwa na ubaya ila alikuwa mtiifu kwa sauti ile tangu darasa la pili, aliichukua fomu na kuisoma kabla hajazuiwa. "Sifuri sifuri tisa tisa mbili."

"Kitabu chetu kiliishia mia nne hamsini!" alipiga kelele Fundi Viatu kutoka nyuma. "Hiyo mia tisa imezaliwa wapi? Mkunga, uliizalisha wewe?"

"Hiyo sijaizalisha mimi," alijibu Mkunga bila kusimama.

Ukumbi ulilipuka. Kamera zilikuwa zimeshaingia chini ya meza. Mwandishi mmoja alilala chali kabisa kama fundi gari.

Msimamizi alisubiri kelele zipungue. Alirekebisha tai. Nikupe sifa yake, msomaji, maana hata nyoka ana ngozi nzuri: mtu huyu hakukosa neno.

"Ndugu zangu, sheria iko wazi. Fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni. Hii ni meza. Fomu iliyo kwenye meza haitambuliki kisheria. Kuna utaratibu."

Watu walitazamana. Wengine walianza kucheka, wengine wakatafuta kitu cha kurusha.

Mwalimu alitoka chini, vumbi magotini, utando wa buibui kwenye kilemba. "Kwa hiyo ukikubali ni mlango, utaitambua?"

"Kama ingekuwa mlango, ungekuwa umefungwa kwenye fremu ya kituo. Umeuona wapi mlango uliolala?" Alitazama saa yake. "Ni saa tano. Saa sita natangaza."

"Fremu ipo," Mwalimu alisema. "Shuleni ni mwendo wa robo saa. Tutaufunga, na wewe utakuja kuusoma."

"Kwa skrubu zipi?"

Swali zuri, lazima tukiri. Mwenye Kinu alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Ndipo mtu akakohoa nyuma kabisa. Hakitupwi alikuja mbele akitazama chini, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Aliingiza mkono mfukoni. Alitoa kizibo cha chupa, akakirudisha. Alitoa kipande cha mshumaa, akakirudisha. Kisha akafungua kiganja chake juu ya kitambaa cheupe, mbele ya bosi wake, mbele ya kamera.

Skrubu kumi na mbili.

"Hakitupwi kitu," alisema. "Na bisibisi ninayo."

"Umefukuzwa kazi!" alisema Msimamizi.

"Basi sasa naweza kusema nani alinituma."

Msimamizi alifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii.

Watu walisogea kubeba mlango, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Aliyefika kwanza alikuwa mwanamke aliyeacha beseni lake la mboga sakafuni. Mama Mapacha hakumtazama Mwalimu usoni. Alishika pembe moja ya ubao kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Shika huko. Mimi nimeshika huku."

Mwalimu akainama, akashika. Karani aliondoa chupa ya maji, akaanza kukunja kitambaa cheupe ili mlango utoke.

Kitambaa kilikuwa kirefu. Kilifunika meza mbili zilizounganishwa, na kilipovutwa kilifunua pia ukingo wa ile ya pili, ambayo Msimamizi alikuwa amehamishia makaratasi yake.

Ukingo huo ulikuwa na bawaba tatu na tundu la funguo.

"Shemeji," Mwalimu alisema bila kugeuka.

"Wallahi mimi nilibeba mmoja tu!" alisema Hakitupwi.

Fundi Viatu alikuwa ameganda. "Mwalimu. Gundi iliyobaki siku ile nilimwazima wakala wa kituo kingine, kile cha shule ya ng'ambo, naye akabandike fomu yao. Kopo langu mpaka leo halijarudi."

Kule nyuma, dereva wa lori la pili la ofisi, mtu mnene asiyetokwa jasho, alikuwa anatokwa jasho. Alianza kutembea kinyumenyume kuelekea nje. Kumbe wasioweza kuchoma ubao mzuri walikuwa wawili.

Msimamizi alikandamiza viganja vyote viwili juu ya meza ya pili. "Hii ni meza," alisema. "Hii kweli ni meza."

Mwalimu aliachia pembe yake, akapiga magoti tena, akaingia. Safari hii hakusoma kwa sauti. Watu walisubiri. Mkunga mwenyewe alisimama, akaja, akainama na kuchungulia.

"Mwalimu, kuna nini huko?"

"Fomu ziko mbili," ilijibu sauti kutoka chini. "Moja imebandikwa juu ya nyingine. Ya chini imeshikwa na gundi ya Fundi. Ya juu imebandikwa na watu wa ofisi, kwa gundi ya ofisi."

Kisha ukumbi wote ukasikia karatasi ikichanika taratibu.

"Inabanduka."